Mikono Ilikuwa ya Dada

Mtaani kwetu wananiita Fundi Kizibao, na siku hizi nimechoka kuwakatalia. Niletee uzi, nitakufumia sweta la kukukaa barabara: kifua sawa, mgongo sawa, shingo haikukabi wala haikuachi wazi. Lakini litaishia begani. Mikono sifumi. Mteja mgeni akiniuliza kwa nini, humwambia anayetaka mikono aende akanunue la mashine dukani, asinipotezee muda. Wengine hununa wakaondoka. Wengine hucheka wakasema haya, nipe hicho kizibao. Nami hucheka nao, ila kicheko chenyewe hakishuki tumboni.

Ngoja nikuambie ukweli, maana umri wa kudanganya watu umenipita. Kufuma mikono najua. Anayejua kufuma mgongo atashindwaje na mkono, ambao si kitu ila bomba la uzi, jembamba huku na pana kule? Sifumi kwa sababu mikono haikuwa kazi yangu. Ilikuwa kazi ya dada.

Mama ndiye aliyetugawia. Nilikuwa na miaka saba, dada kumi na miwili. Mama alichukua spoki nne za baiskeli, akazinoa kwenye sakafu ya saruji hadi ncha zikalainika, kisha akafumua sweta kuukuu la baba ili tupate uzi. Uzi wa sweta moja, watoto wawili. Unajua kilichotokea. Mimi nilivuta huku, dada akavuta kule, nikamng'ata. Mama akatutenganisha na kutoa hukumu. "Mkubwa atafuma mikono, ana subira. Huyu mdogo mpeni kifua na mgongo. Ni kazi ya kwenda moja kwa moja, kama yeye mwenyewe, hajui kona." Hukumu ya ugomvi wa asubuhi moja ikawa sheria yetu kwa miaka arobaini na mitano.

Tulikua, tukaolewa, mimi nikaachika, yeye akatulia na mumewe, wote tukapata kazi za mshahara. Kufuma hatukuacha. Dada alikuwa karani wa tiketi stendi kuu ya mabasi, nyuma ya kidirisha chenye nondo. Abiria wakipungua, sindano zinatoka mkobani. Alifuma huku anakutazama usoni na kukuambia basi la saa nne limejaa. Mtu akipita na mtoto mchanga mgongoni, wiki ijayo mtoto huyo ana soksi, na mama yake hajui ziliingiaje kwenye kikapu. Nilimgombeza. Nilimwambia wewe unafuma kwa ajili ya dunia nzima, na sisi tuna oda za watu hapa. Akaniambia, "Dunia nzima haina miguu mikubwa, mdogo wangu. Zinakwisha upesi."

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa shule. Chaki, ndoo, mablanketi ya bweni, mipira iliyopasuka ambayo mwalimu wa michezo hakubali itupwe. Stoo ile ilikuwa na rafu mpaka darini na ngazi moja ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, ambayo hapandi mtu bila mwenzake kuishika. Nimeomba ngazi mpya kwa barua kumi na moja. Nimestaafu, na ninavyosikia ngazi bado ipo kazini.

Jioni tulikutana sebuleni kwangu. Kulikuwa na viti viwili vya mbao, kapu la uzi katikati, na redio ambayo tuliiwasha ili tuwe na kitu cha kukipinga. Mkono wangu ni mgumu. Navuta uzi kama ninayefunga mbuzi, na dada alikuwa akisema masweta yangu yanaweza kusimama yenyewe bila mtu ndani. Wake ulikuwa mwepesi, kitanzi kinakaa kwenye sindano bila kuumia. Kwa hiyo mimi nilitumia sindano nene na yeye nyembamba, na kazi zetu zikakutana katikati. Ukishika sweta letu huwezi kujua wapi ameishia mmoja na kuanza mwingine. Watu walidhani ni kazi ya mtu mmoja, na hilo lilitufurahisha kuliko malipo.

Futi dada hakuitaka. Kifua na mgongo nilipima mimi kwa futi ya kitambaa, kama fundi yeyote mwenye akili timamu. Yeye alikuwa na kipimo kimoja tu, na kipimo hicho ni mkono wangu. Akifika mahali anaposema hapa panatosha, alininyooshea kidole bila kuinua macho: "Lete mkono." Nilimpa. Aliulaza ule mkono wa sweta juu ya wangu, tangu kwenye kifundo hadi kwapani, sindano bado ziko ndani yake na zinanichoma, halafu alianza hesabu zake. Muuza duka ni wewe ukiondoa vidole viwili. Mkunga ni wewe ukiongeza kidole kimoja. Fundi bomba ni wewe ukiongeza kiganja, yule mtu ameumbwa kwa ajili ya kufikia mbali. Nikifungua mdomo kusema lolote, jibu lilikuwa moja. "Nyamaza, nahesabu."

Kwa hiyo elewa, nusu ya mji huu walivaa mikono iliyopimwa kwangu. Nikipita sokoni niliiona ikipunga, ikipanga nyanya, ikibeba watoto, na moyoni nilijua wote hao ni mimi, kwa kuongeza au kupunguza.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu.

Mimi nina hasira za moto wa mabua. Zinawaka ghafla na kuzima ghafla, na mimi husahau upesi. Shida ni vile vilivyokwisha kuungua. Dada aliniita Pilipili tangu utotoni, na kwa miaka yote alizipokea hasira zangu kama mtu anayepokea mvua, anaingia ndani na kungoja ikatike. Mtu akikuvumilia hivyo unaanza kudhani hana maumivu.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa anastaafu. Walimu wakachanga wakatupa oda ya sweta, rangi ya damu ya mzee, kola ya kukunja, vifungo vya mbao. Nilitaka sweta lile liwe neno la mwisho. Nilifuma mgongo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliona kosa ambalo hakuna macho mengine duniani yangeliona. Mikono ya mwalimu mkuu, kwa hesabu za dada, ilikuwa mimi mtupu, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu.

Siku ya kumuaga, ofisi ya walimu ilijaa. Dada aliomba ruhusa stendi akaja, amevaa gauni lake zuri, ameshika karatasi tuliyofungia zawadi. Mwalimu mkuu akalivaa sweta palepale. Kifuani lilimkaa kama alizaliwa nalo. Kisha akanyoosha mikono ili tupige makofi, na viganja vilionekana nusu tu. Mikono ya sweta ilimvuka kifundo kwa vidole vitatu. Mwalimu wa hisabati akasema, "Mkuu, hapo umepewa na glavu za bure." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mwenyewe mwalimu mkuu alicheka mpaka akatoa leso.

Wewe ungecheka nao, mkaenda kunywa chai, na kesho mkarekebisha. Mimi uso uliniwaka. Nilimwambia mwalimu mkuu avue. Nikachukua mkasi mezani, nikakata mshono wa begani, nikauchomoa mkono mmoja mzima, nikatafuta ncha ya uzi, nikavuta. Mbele ya walimu kumi na saba nilifumua kazi ya dada yangu safu kwa safu, na huku nasema. Nilisema, "Miaka arobaini na mitano unafuma mikono, na bado hujui mkono wa mtu unaishia wapi?"

Uzi ulikuwa ukimwagika sakafuni, na dada hakuvumilia kuona uzi ukichafuka. Aliinama akaushika. Akaanza kuuzungusha kwenye vidole vyake. Mimi nafumua, yeye anakunja, kama tunavyofanya nyumbani siku zote, mpaka mkono ukaisha na mimi nimebaki na vidole vitupu. Aliweka donge lile mezani mbele yangu. "Uzi wako huo," akasema. Akaikunja ile karatasi ya zawadi mara nne, akaitia mkobani, akatoka.

Mkono wa pili niliuchomoa jioni ile, na mwalimu mkuu akastaafu na kizibao. Kilikuwa cha kwanza.

Kuna jambo ambalo nilikuwa sijui. Shemeji yangu alikuwa amestaafu miaka mitatu kabla, na alitamani kurudi kwenye mji aliozaliwa, safari ya siku mbili kwa basi. Dada alikuwa anakataa. Baadaye binti yao aliniambia sababu aliyokuwa akiitoa kila mara: "Na yule Pilipili nimwache na nani?" Wiki ile ile akakubali. Siku walipoondoka sikwenda stendi. Nilikuwa stoo nahesabu ndoo, na ndoo zenyewe nilikuwa nimezihesabu jana yake.

Nilimngoja arudi mwezi ule. Nikamngoja mwaka ule. Usifikiri nilikuwa nasikitika, hapana, nilikuwa bado nina haki yangu mfukoni. Niliamini alikosea na kwamba mtu akikosea anaambiwa. Wateja walikuja wakataka mikono, nikajaribu. Nilifuma mkono mmoja wa sweta la mkunga, nikafika mahali pa kupima, nikazilaza sindano kwenye mkono wangu mwenyewe. Jaribu uone. Mkono unaoshika hauwezi kuwa mkono unaopimwa. Nilikaa pale na ule mkono wa sweta umening'inia, redio inasema, na hakuna wa kuniambia ninyamaze. Nikaufumua. Toka siku hiyo ni vizibao. Kiti chake nikakijaza maboksi ya uzi ili mgeni asipate wazo la kukikalia.

Mwaka wa tatu, majuto yakaja. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wa kwangu alikuja kwenye ngazi.

Nilikuwa juu, nashusha boksi la chaki, mfagizi wa shule ameishika ngazi chini. Niliinama, nikamnyooshea boksi kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimevaa sweta langu la zamani, moja ya yale tuliyofuma wote wawili. Nilipounyoosha mkono, bega lilitoka mbele, na pindo la sweta likarudi nyuma, likaacha kifundo, likapanda vidole vitatu. Nikatazama kifundo changu kilichobaki wazi. Mfagizi akasema, "Mama, leta boksi basi, shingo inaniuma." Sikumsikia, maana nilikuwa nimekumbuka.

Dada alikuja stoo wiki ile ya sweta la mwalimu mkuu. Alitoka stendi mchana, na mkono wa sweta uko kwenye sindano. Aliniambia, "Lete mkono. Shuka kwanza." Nami nilikuwa juu ya ngazi ile, peke yangu, nahesabu mablanketi, na nimepoteza hesabu mara mbili. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nina kazi hapa, pima hivyo hivyo. Nikainama nikamnyooshea mkono kutoka juu, kama mtu anayetupa funguo. Naye akapima hivyo hivyo, kwa mkono mmoja.

Vidole vitatu. Ndivyo vilivyozidi kwa mwalimu mkuu, vidole vitatu kamili.

Na alijua. Siku ile ofisini, mbele ya watu, alikuwa na neno moja la kunimaliza: ulikuwa juu ya ngazi, nilikuambia ushuke. Walimu wote wangecheka upande wake. Hakulisema. Aliokota uzi.

Utauliza, basi kwa nini sikumpigia simu jioni ile ile? Wewe hujawahi kukosa, inaelekea. Nilipiga. Akapokea binti yake. "Mama mdogo, shikamoo. Nimpe mama simu?" Na mimi, mwenye ulimi usio na mfupa, niliyeweza kusema mbele ya walimu kumi na saba, nikasema, "Hapana, usimsumbue. Mwambie namsalimu." Baada ya siku mbili tatu binti akapiga. "Mama anakusalimu pia." Tukaenda hivyo miaka sita. Salamu zinapita juu ya kichwa cha mtoto wa watu, zinakwenda na kurudi. Mara moja nilimuuliza, kama napita tu, mama yako anafuma nini siku hizi. "Hafumi, mama mdogo. Tangu tuhamie huku hajafuma. Sindano amezifunga kwenye kitambaa, ziko chini ya sanduku."

Nilikata simu nikalia, tena kwa sauti. Nilidhani ni kifua changu tu kilichobaki bila mikono. Sikuwa nimefikiria kwamba huko mbali kuna mikono iliyobaki bila kazi.

Mwaka jana nilistaafu. Mwezi wa pili wa kustaafu, akaja dereva. Ni mtu mkubwa, anaingia mlangoni ubavu ubavu, anaendesha basi la safari ndefu. Alitaka sweta kwa sababu kioo cha upande wake hakifungi, na kampuni inamwambia kitatengenezwa tangu kioo kikiwa kipya.

"Vizibao tu," nikamwambia.

"Mama, kifua changu hakijawahi kulalamika. Wanaolalamika ni mikono. Ndiyo inayokaa dirishani."

"Basi vaa soksi mikononi."

Akacheka. Nikamuuliza anaendesha njia gani, ili tu asiondoke na kicheko cha mwisho. Akataja. Anapeleka basi siku mbili, analala, anarudi siku mbili. Mji anaoupeleka ni ule wa shemeji yangu. Nikamwambia akae. Hakukuwa na kiti, nikatoa maboksi kwenye kiti cha dada kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimpima kifua, futi ikaisha nikaongezea kwa vidole. Nilifuma siku kumi na mbili, uzi wa kijivu kizito, na nilifuma vizuri. Nilipomaliza kifua na mgongo sikuviunga. Nilivikunja, nikaweka madonge manne ya uzi juu yake. Kisha nikamwita jirani yangu mshona viatu. Nilisimama sakafuni, miguu sawa, bega chini, mkono umening'inia. Nikampa kamba ya katani nikamwambia apime kutoka kifundo mpaka kwapani. Alipima akafunga fundo huku na fundo kule. Aliniuliza nimefiwa au naolewa, maana uso wangu haukumpendeza. Nikamwambia kata kamba uende zako.

Furushi nikampa dereva na kumwelekeza nyumba. "Mpe dada yangu. Mwambie hii ni oda, mikono ni yake. Wewe ni mimi ukiongeza kiganja. Na mwambie nimeshuka kwenye ngazi."

"Ngazi gani?"

"Wewe peleka. Unabeba abiria hamsini hujui wanakwenda kufanya nini, itakuwa ujumbe mmoja?"

Alirudi baada ya siku tano. Nilikuwa mlangoni kabla hajapiga hodi. "Nimempa," akasema. "Ameshapokea."

"Akasemaje?"

"Aliuliza, mwenyewe amesema hivyo, kwamba ameshuka? Nikamwambia ndiyo. Akaweka furushi mezani, akanipa chai."

"Chai tu?"

"Na mkate, mama."

Safari ya pili akarudi akasema furushi liko palepale mezani, halijafunguliwa fundo. Nilikosa usingizi, na nilimgombeza mshona viatu kwa kosa la mtu mwingine. Nilijiambia, una nini wewe, unataka nini? Uliyafanya kwa dakika kumi, unataka yafutwe kwa kamba ya katani?

Safari ya tatu dereva hakutaka kukaa. Alitoa kitu mfukoni akakiweka kiganjani kwangu. Ilikuwa ile kamba, na mafundo yake mawili. Amenirudishia, nikasema moyoni. Imekwisha.

"Sweta je?"

"Sweta amebaki nalo. Amefungua." Dereva akajikuna shingo. "Mama, mimi nasema nilivyotumwa, usinikasirikie. Amesema kamba ni ya kufungia mizigo. Yeye hapimi kwa kamba. Amesema: lete mkono."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Akaongeza yake, kwamba baridi ya dirishani haipungui, kwa hiyo kama ni kwenda, yeye anaondoka kesho asubuhi na kiti cha nyuma yake hajakiuza.

Sitakusimulia njia. Siku mbili nilimtazama mtu yule akiendesha na mikono mitupu, ngozi imemsimama vipele, na kila alipobadilisha gia nilijiambia, unaona, hata huyu anapata baridi kwa ajili ya mdomo wako. Nilitunga maneno. Nilianza na nisamehe, nikalifuta, nikaanza na unakumbuka, nikalifuta. Tulipofika stendi nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu kichwani, na magoti hayanyooki.

Shemeji alinifungulia mlango. Amezeeka, nami pia aliona nimezeeka, tukasamehana kwa hilo. Akanionyesha chumba cha nyuma akaenda jikoni, hakutoka tena. Mtu mwenye busara yule.

Dada alikuwa amekaa karibu na dirisha, mgongo wake kwangu. Bega moja limeshuka kuliko jingine. Nywele zote nyeupe, na niliziacha zina mvi mbili. Kwenye mapaja alikuwa na sindano zake nyembamba, na kwenye sindano mkono wa kijivu, umekwisha kupanda kutoka kwenye pindo hadi juu ya kiwiko. Aliufuma karibu sana na macho. Kitambaa kilichofunga sindano miaka tisa kilikuwa sakafuni, na alama za mikunjo hazijatoka.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba." Hakugeuka. Alimaliza safu, akasogeza sindano, akanyoosha kidole pembeni. "Lete mkono."

Nilivuta kigoda nikakaa. Nikavua sweta la safari. Nikashusha bega, nikaulegeza mkono juu ya goti lake. Umekonda, una madoadoa siku hizi, na mimi niliuonea haya. Yeye aliupapasa kwanza kwa vidole, kifundo, kiwiko, kwapa, kama mtu anayehakikisha kwamba mzigo uliorudi ni ule ule aliotuma. Kisha akalaza uzi juu yake. Sindano zikanichoma palepale zilipokuwa zikinichoma. Zile kurasa tatu zilipotea. Nililia, machozi yakashuka kwenye kazi yake.

"Umepungua," akasema. "Kidole kizima. Itabidi nianze hesabu upya kwa mji mzima."

"Dada," nikasema. "Siku ile. Lile sweta la mwalimu mkuu. Mikono haikuwa mirefu kwa kosa lako. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nilikupa mkono kutoka juu. Uliniambia nishuke. Nilikuja kukumbuka baadaye, nikanyamaza miaka sita."

"Najua ulikuwa juu ya ngazi."

"Kwa nini hukusema? Na kwa nini ulipima hivyo hivyo, fundi kama wewe, kwa mkono mmoja, haraka haraka?"

Akaninyoosha kiwiko taratibu, akahesabu vidole vyake kuelekea begani. Kimoja, viwili, vitatu.

"Mkono wangu wa pili ulikuwa umeishika ngazi," akasema. "Ungeanguka. Sasa nyamaza, nahesabu."